Mrejesho: Uanze na ERB au PMP?

Wakuu, niliuliza kama mhitimu wa uhandisi ujenzi hapa Dodoma anayelenga usimamizi wa miradi aanze na usajili wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) au cheti cha PMP (cheti cha kimataifa cha msimamizi wa miradi). Nimefuata ushauri wenu wa kuanza na ERB, nimeingia SEAP, mpango wake wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu. Asanteni sana.

PMP inadai miezi 36 ya kuongoza miradi kwa mwenye digrii, pamoja na saa 35 za mafunzo. Miaka mitatu ya SEAP inaweza kuijenga hiyo miezi, ila ukipewa ratiba, bajeti na vikao vya mkandarasi. Kukagua nondo na kupima slampu (ulaini wa zege bichi) peke yake hakutoshi. Mwenye haraka achukue CAPM, cheti cha ngazi ya kuanzia cha usimamizi wa miradi, haidai uzoefu, ni saa 23 za mafunzo.

Kati ya mliyonishauri, hoja ya kujua mikataba ndiyo iliyonisaidia zaidi. Kwa FIDIC ya 1999 (masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi), mkandarasi asipotoa notisi ya dai ndani ya siku 28, anapoteza nyongeza ya muda na malipo.

Kwenye mazingira, masharti ya cheti cha EIA (tathmini ya athari kwa mazingira) yatengewe fungu kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei zake) mapema: kurudishia mashimo yaliyochimbwa moramu (udongo wa changarawe wa barabara), kumwagia vumbi maji. Kiangazi cha huku, maboza ya maji yanakula fedha kwelikweli, na kisicho na fungu hakifanyiki.