Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuwa wakili wa makampuni Ujerumani

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu amemaliza sekondari hapa Frankfurt na anataka kuwa wakili wa makampuni. Njia yenyewe ni ndefu: chuo kikuu, mtihani wa serikali, mafunzo ya vitendo miaka 2 mahakamani na kwa mawakili, halafu mtihani wa pili. Kinachonitisha ni alama. Ofisi kubwa za mawakili hupenda pointi 9 kati ya 18 kwenye mitihani hiyo, na wengi hawazifikishi. Mzee wetu anashauri asome shahada ya sheria za biashara, fupi zaidi, aajiriwe kampuni. Ila hiyo haikupi leseni ya uwakili! Mliopita njia hizi, hasa mliosoma huku Kijerumani si lugha yenu ya kwanza, mngemshauri ipi?