Sheria isiyotumika miaka mingi inajifia yenyewe?

MamaSteshenari
Wakuu, habari za jioni. Nina kiduka cha kuchapa na fotokopi jirani na Mahakama ya Kisutu. Viapo, hati za madai, barua za wadhamini, nachapa ninacholetewa, siulizi. Juzi kaja binti wa Mbagala anataka kumshtaki mwanaume aliyemchumbia, kisha akaenda kuoa kwingine. Ukumbi umeshalipiwa nusu, sare za kina mama zimeshonwa, kadi zimefika mpaka Tanga. Mkononi ana karatasi: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 69, cha kudai fidia ahadi ya ndoa ikivunjwa.

Kuna kijana wa ofisi ya wakili alikuwa anasubiri fotokopi zake, akacheka: "Dada, hicho kilishakufa, nani anakitumia?" Binti akakunja karatasi akaondoka.

Sasa naumia mimi. Kimekufaje? Bunge lilikaa lini? Kwenye kitabu kipo, mwenyewe nakitoa kopi kila wiki kwa wanafunzi wa sheria. Kama sheria inakufa kwa kutotumika tu, anayetangaza msiba ni nani?

Dogo_Kijichi
Amuachie Mungu. Sare zitavaliwa kwenye kipaimara 😂

Wakili_Sinza
Dada, huyo kijana kakupotosha. Kwetu kifungu kinaondolewa na Bunge, au mahakama ikikiona kinapingana na Katiba, kama vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyohiyo, vya kuozesha mabinti chini ya miaka 18: Mahakama Kuu 2016, Mahakama ya Rufani ikaafiki 2019. Kutotumika peke yake hakufuti kitu.

Uskoti ndiko wanakubali kwamba sheria za Bunge lao la kale, kabla ya 1707, zinaweza kufa kwa kuachwa. Uingereza hapana, na sisi tumerithi huko. Mwaka 1817 London, Abraham Thornton, aliyedaiwa kuua, alitupa glavu chini mbele ya majaji akataka kesi iamuliwe kwa kupigana na mlalamikaji, kama enzi za mababu zao. Majaji wakapekua, wakakuta sheria haijafutwa. Mwaka 1818 wakamkubalia! Mlalamikaji akakataa kupigana, Thornton akaenda zake nyumbani. Mwaka uliofuata ndipo Bunge likaifuta.

Binti aende Temeke, kituo jumuishi cha masuala ya familia. Abebe risiti. Machozi hayalipwi, gharama ndizo zinazodaiwa.

KaraniMstaafu
Wanangu, nimekaa masjala za mahakama mpaka nikastaafu, nawaambieni wakili kasema kweli ila kapita mbio penye uzito. Sheria kutotumika kwa wote ni nadra. Nyingi zinatumika kwa anayetakiwa, siku anayotakiwa.

Angalieni uzururaji, kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu. Miezi inapita hakuna anayekikumbuka. Likitoka agizo, karandinga linajaa asubuhi: dada wa usiku, ombaomba, kijana aliyelala stendi kwa kukosa nauli. Sheria hiyohiyo, mtaa uleule. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, ilishatoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Na Tume ya Jaji Nyalali, ile ya kuangalia tuingie vyama vingi au la, ilishaorodhesha sheria 40 kandamizi toka 1991. Orodha tunayo. Tunaisoma kama kalenda ya mwaka jana.

Halafu kuna kitanzi. Tangu 1994 hajanyongwa mtu nchi hii. Lakini jaji akimtia mtu mzima hatiani kwa mauaji ya kukusudia, ukiacha mjamzito, hukumu anayoisoma ni moja: kunyongwa. Rais hasaini anyongwe, Bunge halifuti adhabu, na mfungwa yumo ndani akisikiliza kila mlango unaofunguliwa. Mwambieni huyo kwamba sheria imekufa.

Wakili_Sinza
Shikamoo mzee. Hapo sina la kubisha. Ila mara mojamoja sheria iliyosahaulika humwokoa mnyonge. Washington, Marekani, Weusi walikuwa wanakataliwa huduma mikahawani. Bibi mmoja, Mary Church Terrell, na wenzake wakafufua sheria za mji za 1872 na 1873 zilizokataza ubaguzi huo, ambazo zilikuwa zimeachwa miaka na miaka. Mahakama ya Juu 1953 ikasema kutotumika hakujazifuta. Bibi alikuwa anakaribia miaka 90.

KaraniMstaafu
Marahaba. Huyo bibi alipata wa kumsikiliza.

MamaSteshenari
Asanteni jamani. Nimempigia binti, anarudi Jumatatu. Risiti ya ukumbi anayo, lakini MC na mpambaji aliwalipa kwa simu, na meseji kazifuta kwa hasira. Nimwandikie nini?

Wakili_Sinza
Usiandike kwanza. Aende kampuni ya simu aombe taarifa ya miamala yenye muhuri. Na asingoje Jumatatu, madai haya yana muda wake.