Nimefungua atelye ya kushona, kichwa kimejaa. Wenzangu mnafanyaje?

Mama wa Mashini, Katuba

Jambo wenzangu wa Lubumbashi. Mwezi wa nne nilifungua atelye ya kushona hapa Katuba, chumba kimoja chenye mlango wa barabarani. Akiba yangu yote iliishia kwenye garantii, ile amana ya kupangia nyumba. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Lakini tangu wazazi waanze kuleta sare za shule, mashati meupe na suruali za bluu, situlii. Umeme unaondoka asubuhi, unarudi saa tano usiku, ndipo nami naanza kushona.

Juzi, saa nane usiku, nilipachika mkono wa kushoto wa libaya, blauzi ya kitenge, upande wa kulia. Kitenge cha mtu, cha harusi ya Jumamosi. Kufumua, uzi ukavuta kitambaa, kikatoboka chini ya kwapa. Nilikaa chini na mkasi mkononi nikalia mpaka mtoto akaamka.

Sijuti kufungua. Kushona nimekupenda tangu nikiokota vipande chini ya mashini ya mama. Ila siku hizi nikimwona mteja anakuja na mfuko, moyo unashtuka. Nani kati yenu alipita hapa? Furaha iliwarudia vipi?

Yaya wa Soko ya Kenya, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi

Pole sana, mdogo wangu. Kwanza mwenye libaya: mwambie leo, usingoje Ijumaa. Tundu la kwapani unalikatia pembetatu ya kitenge kilekile, na upande wa pili vivyo hivyo. Mkono hata utainuka vizuri zaidi.

Mimi nina miaka 11 kwenye kazi hii. Mwaka wa kwanza nilikonda mpaka watu wakauliza kama naumwa. Kila mtu nilimwambia, "Ndiyo, njoo Ijumaa." Ijumaa wanakuja kumi na wawili, naanza: rudi jioni, rudi kesho. Uongo ule ulinichosha kuliko mashini. Nilifika mahali pa kujificha nyuma ya pazia katika duka langu mwenyewe.

Nikanunua daftari. Kila siku mistari mitatu, nguo tatu. Mistari ikijaa, namfungulia mteja anaona mwenyewe kwamba nafasi ni Jumatano ijayo. Wengine wataondoka, waache waende. Na usiandike jina la mtu kabla hajaweka nusu ya pesa.

Usiku lala. Tafuta mashini ya miguu, hata kuukuu, ushone mchana na upige pasi ya makala, yaani ya mkaa. Ule mkono uliokwenda upande usio wake, usingizi ndio ulioushona, si wewe.

Papa wa Mbao, Kamalondo

Mama, Yaya amesema vema. Naongeza habari ya pesa, maana mimi hapo ndipo nilipozama. Mfuko ulikuwa mmoja: bukari (ugali) ya nyumbani, karo ya watoto, misumari, gundi. Pesa ya kitanda cha huyu nanunulia mbao za kabati la yule. Usiku nahesabu kichwani mpaka jogoo anawika, hesabu hazikutani.

Sasa nina makopo mawili, la kazi na la nyumba, na Jumamosi najilipa mshahara kama ningemlipa fundi mwingine. Mbao nanunua kwa dola, kwa hiyo bei naiandika kwa dola. Anayelipa faranga analipa kwa kiwango cha siku hiyo.

Tena usikae peke yako. Tuna likelemba, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, ya mafundi wanane. Pesa inasaidia, lakini mimi naenda hasa kwa ile saa moja baada ya misa, kila mtu anaposema juma lake lilivyokwenda. Nikitoka pale sipigi tena kelele nyumbani.

Mama wa Mashini, Katuba

Yaya, Papa, asanteni kabisa. Mwenye libaya nilimpigia simu siku ileile. Alikuja, akapitisha kidole kwenye tundu, akanyamaza, kisha akauliza tu, "Jumamosi itakuwa tayari?" Jumamosi asubuhi aliivaa, akainua mikono miwili mbele ya kioo kama anayecheza, akacheka. Nilicheka naye. Nilikuwa nimesahau sauti yangu.

Daftari limeanza. Niliandika kwanza nguo zote nilizokwisha kupokea: 41. Niliogopa kuiona hesabu ile, halafu nikapumua, maana kichwani zilikuwa kama mia. Wazazi tisa niliwaambia ukweli kwamba sitamaliza kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa. Wawili walichukua vitambaa vyao, mmoja kwa maneno makali, na yaliniuma. Saba wamekubali kupokea shati kwanza, suruali juma linalofuata.

Mashini ya miguu nimeipata kwa shangazi, chini ya magunia. Sindano inashuka vizuri, ila mkanda wa ngozi umekatika. Yaya, huo mkanda pale Kenya unauzwa upande gani wa soko?