Kupanga bidhaa za stoo: tufuate mauzo, faida au kasi ya kutoka?

WaChake
Assalaam alaykum. Duka la vifaa vya ujenzi, Chake Chake, aina 380 za bidhaa, na mtaji hautoshi kujaza kila rafu. Nataka kuzigawa mafungu A, B na C, yaani za kuangaliwa zaidi, za kati na za mwisho, ila nimekwama kwenye kigezo: thamani ya mauzo, faida, au kasi ya kutoka? Mzigo wenyewe unavuka bahari.

Ghalani
Waalaykum salaam. Anza na thamani ya mauzo, maana daftari unalo tayari. Chukua miezi 12. Kila bidhaa, idadi iliyouzwa zidisha kwa bei. Panga kubwa juu, ndogo chini, kisha jumlisha ukishuka mstari kwa mstari, na kila jumla uigawe kwa mauzo yote. Hadi 80% ni A, hadi 95% ni B, zilizobaki C. A zihesabu kila wiki, B kila mwezi, C kila miezi 3 yatosha. Misumari ukiiandika mara kwa kilo mara kwa katoni, orodha nzima imekwenda kombo. Na kama mradi mmoja ulichukua mabati 600 kwa mkupuo, uutoe pembeni. Huyo si mteja wa kila mwaka.

BiHesabu
Mauzo peke yake yanadanganya, ndugu yangu. Tuseme saruji mifuko 2,000 kwa 17,000: milioni 34. Faida 500 kwa mfuko, jumla milioni 1. Rangi makopo 150 kwa 30,000: milioni 4.5 tu, lakini faida 6,000 kwa kopo, jumla 900,000. Kwa mauzo saruji inaishinda rangi zaidi ya mara saba. Kwa faida zinakaribia kulingana. Na faida hiyo uitoe nauli ya chombo, wachukuzi na mifuko iliyopasuka njiani, vyenginevyo ni faida ya karatasini.

Ghalani
Sikatai, Bi. Lakini ukifuata faida tu utapunguza saruji, na anayekuja kutafuta saruji ndiye anayeondoka na nondo na waya.

Kusi_na_Kaskazi
Hapo ndipo hesabu zenu zote mbili zinapopwaya. Misumari ya bati itaangukia C kwa kigezo chochote. Ikikosekana, mteja habebi mabati akaacha misumari, anakwenda duka la pili akanunue vyote. Tepu nyeupe ya maungio ya bomba vilevile. Vitu vya namna hiyo vipandishe A kwa mkono, usingoje asilimia.

Jengine: bidhaa iliyokuwa imeisha huonekana haiuziki. Kama ilikuwepo siku 40 tu na ukauza 60, kasi yake ni 1.5 kwa siku. Usigawe kwa 365.

WaChake
Kwa hiyo kasi niiache?

BiHesabu
Usiiache, ila kazi yake ni nyengine. Kasi inakwambia kipi kikae karibu na kaunta na kipi kimekufa. Kitu hakijatoka miezi 6, shusha bei, pesa irudi.

Kusi_na_Kaskazi
Na A si amri ya kujaza stoo! Saruji ikikaa kama miezi 3 kwenye unyevu wa huku inaanza kupoteza nguvu, mengine yanaganda mabonge. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, ya zamani itoke kwanza. A maana yake uiagize mara nyingi kwa kiasi kidogo, na jicho lisibanduke.

Kiwango cha kuagiza tena: mauzo ya siku zidisha kwa siku za kusubiri, ongeza akiba. Mabati 12 kwa siku, mzigo siku 9, akiba ya siku 3: 108 na 36, yaani 144. Yakifika hapo piga simu. Kusi likichachamaa vyombo huchelewa, basi akiba ya A ipandishe siku 6 au 7. Ya C usiiguse.

Ghalani
Naongeza hili la rangi, maana watu hupaka nyumba kabla ya Idi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo ukilinganisha Machi na Machi utaagiza rangi wakati wateja wameshamaliza kupaka. Linganisha Shaaban na Shaaban, Ramadhani na Ramadhani. Saruji na nondo zibaki kwenye kalenda ya kawaida, maana zinafuata masika.

WaChake
Basi naanza na mauzo, safu ya faida pembeni, na orodha ya kupandisha kwa mkono. Bawaba na makomeo ya milango nayo yanafuata mbao za milango, au yabaki C?

Kusi_na_Kaskazi
Bawaba pandisha. Komeo mteja huagizia popote, liache C.