Yule kijana wa kwenye igizo kakomaa au kahama tu?

Mwalimu wa Zamu: Wadau, mlioona igizo la vijana pale Mwanga, hapa Kigoma, jana. Kijana wa mwalo wa Kibirizi anajitapa ukweni kwamba dagaa wake ni namba moja. Wanaletwa mezani, baba mkwe anatafuna, krach! Mchanga. Ukumbi mzima unaangua kicheko. Mwishoni tunamkuta Tabora, kanzu safi, duka lake. Watu makofi, eti amekomaa. Mimi naona amekimbia aibu. Mnasemaje?

Reli ya Kati: Amekomaa wapi? Hata radhi hakuomba. Angekomaa angerudi mwaloni akaanika dagaa juu kwenye vichanja, si chini mchangani.

Mama Mgebuka: Ngoja kwanza. Kwa nini kila mchanga uwe wa Kibirizi? Naanika dagaa tangu sijaolewa na vichanja ninavyo. Kila igizo sisi ndio wachafu.

Reli ya Kati: Shikamoo mama. Ila pita pale asubuhi, wamemwagwa chini, kuku wanadonoa. Tusifichane.

Mama Mgebuka: Marahaba. Hao kuku ni wako. Mbao na wavu vinauzwa, havigawiwi. Na Ziwa Tanganyika likifungwa tusivue kama ile 2023, hela ya kichanja unanipa wewe?

Mnyamwezi Halisi: Ni 2024 mama, Mei 15 hadi Agosti 15. Mimi kilichoniuma ni kingine. Kwa nini mwenye aibu ashushwe Tabora? Sisi ni jalala la walioshindwa Kigoma?

Mwana Ujiji: Hahaha, treni inashusha yeyote mwenye tiketi. Tena kafika penyewe, asali yenu nusu sukari.

Mnyamwezi Halisi: Asali yetu ya Sikonge, Tabora, usiiguse! Wewe ulinunua dirishani treni ikiwa inaondoka, chupa hata hukuinusa. Ujinga wako usiusingizie nyuki.

Mwana Ujiji: Nilinunua kwa mjomba wako.

Mwalimu wa Zamu: Jamani, nyuki wametokea wapi? Kuna pale wageni wameondoka, kijana anakusanya sahani mwenyewe, anapepeta dagaa waliobaki kiganjani, anaangalia mchanga uliosalia. Hasemi kitu. Pale ndipo alikuwa anaanza kukua, mwandishi akaharibu kwa kumpandisha treni.

Reli ya Kati: Hapo sasa nakuelewa.

Mama Mgebuka: Anapepeta vipi dagaa walioshaungwa na mawese? Mchanga unazama chini ya sufuria. Aliyeandika hilo igizo hajawahi kupika.