Naomba ushauri: mada yangu kuhusu Jaji Samuel Sewall ianzie wapi?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, na nimepewa dakika kumi za kuwaeleza wenzangu utumishi wa Samuel Sewall, mfanyabiashara wa Boston aliyekuwa miongoni mwa majaji walioteuliwa mwaka 1692 kusikiliza kesi za uchawi za Salem, katika koloni la Kiingereza la Massachusetts. Mahakama ile ilipokea ushahidi wa watu waliodai kuteswa na mizuka yenye sura za washtakiwa, mizuka ambayo hakuna mwingine aliyeiona, na watu 19 wakanyongwa. Hata hivyo Sewall aliendelea na ujaji, na kuanzia 1718 hadi 1728 akawa jaji mkuu wa koloni. Nikianza na Salem, nahofia yaliyofuata hayatasikilizwa. Nikianza na cheo, nitakuwa nimewaruka waliokufa. Naomba kuwasilisha.

Jibu la kwanza
Mdogo wangu, anzia kanisani. Tarehe 14 Januari 1697, siku ya mfungo, Sewall alimkabidhi mchungaji Samuel Willard karatasi, akabaki amesimama mbele ya waumini wote wakati ikisomwa, na ilipokwisha akainama. Humo alikubali kubeba lawama na aibu ya mahakama ile. William Stoughton, aliyeiongoza, hakuomba radhi hadi anakufa.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila usimsafishe. Jaji mwenzake, Nathaniel Saltonstall, alijiondoa mapema kesi zikiwa bado zinaendelea, kwa hiyo njia ya kutoka ilikuwepo na Sewall aliiona.

Jibu la tatu
Usiache mwaka 1700, alipochapisha kijitabu cha kupinga utumwa akitumia kisa cha Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake. Kwangu mimi hilo ndilo tendo lake kubwa kuliko vyeo vyote, ingawa humohumo aliandika kwamba Waafrika hawawezi kuchangamana na walowezi wakawa jamii moja. Wasomee wenzako yote mawili.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Nitaanzia kanisani na Saltonstall nitamtaja, lakini kabla ya jina la Sewall nitalitamka la Bridget Bishop, wa kwanza kunyongwa, tarehe 10 Juni 1692.