Tupeane uzoefu: Shahada ya usimamizi wa hoteli, gharama yake na malipo yake kazini

Wanajukwaa, hamjambo. Mpwa wangu amepata C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili hapa Kenya, na anataka kusomea usimamizi wa hoteli. Kwa alama hiyo anaweza kwenda chuo kikuu kwa miaka minne, au aanze na diploma, ambayo hata mwenye C- hukubaliwa. Dada yangu anauza nguo hapa Nakuru na ndiye atakayebeba sehemu kubwa ya mzigo, kwa hivyo sitaki tumwingize katika deni kwa sababu ya jina la shahada tu. Naomba mliosomea fani hii na kufanya kazi Nakuru, Kisumu, Kakamega au Eldoret mtueleze mlianzia wapi na ni lini hasa shahada ilianza kuonekana kwenye mshahara.

Meneja wa vyakula na vinywaji, Kisumu

Ndugu, nitakueleza kama ilivyokuwa. Nilimaliza shahada nikaajiriwa kuwa mhudumu wa mezani, mshahara sawa na wa wenzangu wenye cheti, na msimamizi wetu hakuwa amesoma chuo kikuu. Kwa miaka ya mwanzo shahada haikuniongezea hata shilingi moja. Wahitimu wengi huacha kazi katika kipindi hicho, jambo linalonisikitisha, kwa sababu faida ilikuwa bado mbele.

Kwangu faida ilikuja kupitia hesabu za jikoni. Chukua samaki wa mbuta (sangara) mzima wa kilo 10, na tuseme kilo moja ni shilingi 400. Ukishaondoa kichwa, mifupa, ngozi na matumbo, unabaki na mnofu wa takriban kilo 4, maana yake kila kilo ya mnofu imekugharimu shilingi 1,000 na sahani ya gramu 200 imekula samaki wa shilingi 200, kabla ya mafuta, gesi na ugali. Jikoni nilikokuwa, bei ilipangwa kwa kufuata kilo ya samaki mzima, yaani sahani ilihesabiwa kuwa na samaki wa shilingi 80. Niliandika hesabu hiyo kwenye karatasi moja, nikapima samaki mbele ya mtunza stoo, kisha nikampelekea meneja. Baada ya hapo nilianza kuitwa kwenye vikao vya bajeti, na mkutano wa miji ya Afrika, Africities, ulipofanyika hapa Kisumu mwezi wa Mei 2022, nilikuwa miongoni mwa waliopanga manunuzi na vibarua wa hoteli yetu. Mpishi hodari anaweza kujifunza hesabu hizi bila chuo kikuu, na nimewaona waliofanya hivyo. Ila mimi nilizikuta darasani, na zilinipandisha cheo mapema kuliko ambavyo ningepanda kwa kubeba sinia.

Mpishi mkuu msaidizi, Nakuru

Mimi nilipita njia ya diploma na ningemshauri kijana aifikirie kwa dhati. Nilianza kulipwa wakati wenzangu wa shule ya upili walikuwa bado wanaomba karo, na nilipofika kazini nilijua kukata, kuoka na kuendesha zamu. Waajiri wengi hapa hawaulizi kwanza una cheti gani. Wao hukupeleka jikoni au kwenye vyumba vya wageni wakakutazama ukifanya kazi. Chuo cha Utalii cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimejijengea jina kubwa kwa mafunzo ya aina hiyo ya vitendo.

Hata hivyo nimefika mahali ambapo matangazo ya kazi ya meneja mkuu yanataka shahada, na barua zangu hazijibiwi. Sasa nasoma jioni. Sehemu ya masomo yangu ya diploma ilikubaliwa, nyingine ikakataliwa, na tofauti hiyo imenigharimu fedha na muda. Kama mpwa wako ataanza na diploma akinuia kuendelea, ulizeni chuo kikuu mapema, tena kwa maandishi, ni masomo gani yatakayohesabiwa.

Mzazi, Kakamega

Karo ndiyo gharama inayotajwa, lakini iliyotubana sisi ni ile isiyo kwenye barua ya mwaliko: sare za jikoni, viatu visivyoteleza, seti ya visu, na cheti cha afya cha mshika chakula ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Kisha kukawa na mafunzo kazini. Binti yangu alipata nafasi Mombasa, bila posho, nasi tukalipa chumba na nauli. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ulisaidia, lakini ni deni: riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka na marejesho huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe na kazi au usiwe nayo. Mwambie dada yako aweke fedha za mafunzo kazini kando tangu mwaka wa kwanza.

Msimamizi wa huduma za chakula hospitalini, Eldoret

Hoteli zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, nilirudishwa nyumbani pamoja na wafanyakazi wengine, wenye shahada na wasio nayo. Lakini nafasi ya hospitali ilipotangazwa, shahada ilikuwa sharti, nami nikaitwa kwenye usaili. Kwa hivyo mnapopima malipo, msihesabu hoteli peke yake. Shule za bweni, hospitali, vyuo na kampuni za kulisha wafanyakazi zote zinahitaji mtu wa kusimamia chakula cha mamia.

Na kabla ya kuchagua chuo, ulizeni wanafunzi hupewa majuma mangapi ya kazi halisi. Chuo Kikuu cha Maseno, kwa mfano, kinamiliki Hoteli ya Kisumu. Anayefikiria kwenda huko aulize ni saa ngapi mwanafunzi huzitumia ndani ya hoteli hiyo, katika idara zipi, na nani hutia saini kuthibitisha kazi yake. Chuo kisichoweza kujibu swali hilo waziwazi, mimi nisingekilipa karo ya miaka minne.